Bibi Bambo na Pua Iliyolala

Bandarini walimwita Bibi Bambo. Hata mumewe alipomfuata getini alilazimika kulitumia jina hilo, maana lile alilopewa na wazazi hakuna mlinzi aliyelijua. Bambo ni kile kichuma kirefu chenye ncha, kilichotobolewa tumbo, kinachochomwa kwenye gunia ili kitoke na nafaka ya ndani. Yeye alikuwa mkaguzi wa shehena: si mtu wa mwenye meli, si mtu wa mnunuzi. Pande zote mbili zilimhitaji, na zote mbili zilimnunia kwa zamu.

"Mimi ni mpaka wa shamba," alipenda kusema. "Kila jirani ananisukuma kidogo."

Alikuwa na namna yake ya kufanya kazi. Akishachoma gunia, alimwaga punje kiganjani, akafumba ngumi, akazipulizia pumzi ya moto, kisha akaipeleka ngumi puani na kufumba macho. Makuli walitua mizigo, wakamtazama. Mashine ya kupimia unyevu alikuwa nayo, lakini mashine haijui kama tumbo la meli lilibeba mafuta ya taa safari iliyopita, wala haiusikii uvundo unapoanza kunong'ona. Pua yake ilisikia, na meli zilimwomba yeye kwa ajili ya pua hiyo.

Kisha yakaja mafua. Yalimlaza, yakamwachia, yakaondoka na harufu zote za dunia.

Aligundua jikoni. Alikuwa ameipa sufuria mgongo, anakunja nguo, mara mumewe, fundi viatu, akaingia mbio akikohoa.

"Mama watoto! Maharage yamekuwa makaa, nawe umekaa tu?"

Akageuka, akauona moshi. Akachukua sabuni, akanusa. Akachukua kitunguu, akanusa. Akachukua kiatu cha mteja, akavuta pumzi kwa nguvu.

"Hicho hata mimi nakikimbia," mume akasema.

"Sisikii kitu, baba watoto."

Mume akaacha kucheka. "Waambie kazini."

"Niwaambie nini? Kwamba kinyozi hana mikono? Watanipumzisha, na anayepumzishwa pale harudi."

"Na usipowaambia?"

Aliendelea kukunja nguo zilizokwisha kukunjwa.

Asubuhi iliyofuata meli ya mchele ilikuwa gatini. Bibi Bambo alishuka ngazi ya chuma mpaka tumboni mwake. Nyuma yake walishuka afisa wa meli, shati jeupe kama ganda la yai, na wakala wa mnunuzi, mtu mfupi aliyezoea kugomba.

"Leo ukisema umevunda, nitakuchukia," afisa alitania.

"Hata ukinukia marashi," wakala akadakia, "mimi nataka anuse kila kona."

Mashine ilionyesha mchele mkavu. Akachoma gunia, akafumba ngumi, akapulizia. Makuli wakanyamaza. Puani mwake hapakuja kitu. Ilikuwa kama kubisha hodi kwenye nyumba iliyohamwa.

Mara nyingi mchele huwa safi tu, alilijua hilo. Neno moja lingetosha, na lilikwisha kumfika kwenye meno. Ndipo akamwona moyoni mama mmoja asiyemjua, anaosha mchele, anauosha tena, akidhani kosa ni la maji yake.

Akafungua ngumi.

"Mkavu, hilo nalitia sahihi. La harufu siwezi. Pua yangu imelala tangu mafua, na sijui itaamka lini."

Mnyapara wa makuli akaangua kicheko. "Yaani tumetulia hapa kama tuko mazikoni, kumbe Bibi Bambo unanusa hewa!"

"Cheka, baba. Haki yako."

"Meli inasubiri, mama!" wakala alifoka.

"Najua. Ndiyo maana nimesema sasa, si mkishapakua."

Akaipigia simu kampuni yake, nayo ikamtuma mkaguzi mwenzake, Kipara, ambaye kwa miaka Bibi Bambo alimtania kwamba pua yake ni ya kushikia miwani. Kipara alichoma, akanusa, akasita. Akamsogelea, akanong'ona:

"Dada, unapulizia kwanza au unafumba kwanza?"

"Fumba kwanza. Pumzi isitoroke."

Mchele ulikuwa safi, kona kwa kona.

"Si ungesema tu safi?" afisa alimuuliza wakipanda ngazi. "Ungekuwa umepatia."

"Ningekuwa nimebahatisha," akasema. Simu ya mkubwa wake ilikuwa inaita mfukoni.

Mkubwa hakugomba. Alisema asiguse nafaka mpaka daktari aseme.

"Lakini huyu wakala ameniganda," mkubwa aliendelea. "Anataka uzito wa meli usomwe na wewe. Mwingine hamtaki."

Mchana, kabla gunia la kwanza halijatoka, alikuwa kwenye boti ndogo chini ya ubavu wa meli, mbele ya alama zinazoonyesha imezama kiasi gani. Kutokana na alama hizo ndipo uzito hukokotolewa: meli ikizama zaidi, mzigo ni mzito zaidi. Wimbi likapanda, na afisa, juu kule, akataja namba kubwa. Wimbi likashuka, na wakala akataja ndogo. Wakaanza kurushiana maneno.

"Nyamazeni, jamani," Bibi Bambo akasema. "Tungoje maji yatulie."

Watu wazima wawili wakaegemea ukingo wa meli, mmoja huku, mmoja kule, wakayatazama maji pamoja naye.