Moshi wa Barabara ya Mombasa

Wiki iliyopita nilikuwa katika wodi ya watoto wachanga, Makindu, kando ya barabara kuu. Kitoto kimoja kilikuwa kimegeuka rangi ya buluu, na oksijeni haikisaidii. Nyanya yake alishika kitanda kwa mikono miwili.

"Ng'ambo kuna tiba mpya ya gesi," daktari akamwambia. "Gesi yenyewe imo hata kwa moshi wa gari. Mtoto anavuta kidogo tu, mishipa ya mapafu inafunguka."

"Na hapa?"

"Hapa hatuna, susu," daktari akasema, akimwita nyanya kwa Kikamba.

Lori likanguruma nje. Nyanya akafungua dirisha. Muuguzi akalifunga.

"Si moshi ndio huo unapita?" nyanya akauliza, akalifungua tena.

Hakuna aliyecheka. Mimi najua moshi huo ni sumu. Lakini nilijipata nimetega sikio, nikingoja lori lingine.