Mchumba Mtanashati wa Dada Nyemo

Enzi zetu, wenzangu mliokuzwa kwa mlenda na ugali wa uwele, mchumba hakuja kujisifu mwenyewe. Alituma mshenga. Mshenga anasifu, wazee wanasikiliza huku wanatafuna tumbaku, na sisi watoto tumejibanza nyuma ya vihenge, tumeziba midomo tusicheke. Hapo ndipo nilipolisikia neno tanashati, kwetu Msalato, wakati wa Mjerumani, reli ndiyo kwanza imefika Dodoma.

Aliyeposwa ni dada yangu Nyemo. Mchumba ni Ndahani wa Bahi, aliyekuwa akibeba mataruma ya reli. Dada alimwona mara moja tu gulioni, na tangu siku hiyo akisonga ugali unatoka mabonge. Mshenga alikuwa mzee Masima. Huyu aliwahi kubeba mizigo mpaka Bagamoyo, akarudi na maneno ya pwani mdomo umejaa. Tunaongea Kigogo chetu vizuri, amesifu ukoo, amesifu mifugo, mara akakohoa akasema, "Na zaidi ya yote, kijana wetu ni mtanashati."

Neno likadondoka kama jiwe kwenye mboga. Baba akaacha kutafuna.

"Mtanashati ndiyo nini?"

Shangazi akadakia, "Inaambukiza?"

"Si ugonjwa, mama!" Masima akajinyoosha. "Ni mtu nadhifu. Nguo nyeupe, haina hata doa. Ukipishana naye njiani lazima ugeuke."

Jamani, si angenyamaza tu!

"Kiangazi hiki?" baba akafoka. "Na vumbi hili? Mtu asiwe na doa? Ng'ombe wake anawanywesha nani, mama yake?"

"Bora ungekuwa ugonjwa," shangazi akasema. "Tungemtafutia dawa."

Baba akakataa katakata. Nyemo akalala kifudifudi, hali, hasemi, hata nyimbo zetu za kutwanga akaziacha. Mwishowe mama akamwambia baba, "Wewe umelikataa neno. Mtu mwenyewe hujamwona."

Basi Ndahani akaitwa. Akaja na kanzu nyeupe kama maziwa, akaamkia kwa adabu, baba hata kigoda hakumpa. Akamwonyesha kisima kwa kidevu. Visima vyetu vya mtoni mnavijua: unachimba mchanga mpaka kichwa kinazama, chini tope, juu ng'ombe wanakukojolea. Kaya nzima tukafuata kutazama, hata shangazi na goti lake bovu.

Ndahani akavua kanzu, akaikunja taratibu, akaitundika kwenye mgunga. Akabaki na kaniki kiunoni, akatumbukia. Akateka kwa kibuyu, anamimina kwenye hori, anaimba kuwabembeleza ng'ombe, mpaka dume la baba, lile lenye kiburi, likainama likanywa. Alipopanda juu, cheupe kilichobaki ni macho.

"Haya, mtanashati kaenda wapi?" shangazi akauliza.

Akaoga kwa maji waliyobakiza ng'ombe, akavaa kanzu yake, akaja kupiga goti mbele ya baba. Doa hakuna. Baba akamzunguka polepole kama anayenunua ndama. Nyemo ameniminya mkono mpaka vidole vimekufa ganzi.

"Kumbe," baba akasema, "mtanashati ni mtu anayejua pa kuchafukia. Leta ng'ombe."

Dada alipiga kigelegele mwenyewe, kitu ambacho bibi harusi hafanyi! Na mwaka ule neno tukalitumia mpaka likachakaa. Sufuria hatukuwa nazo, lakini chungu kilichosuguliwa kikawa tanashati. Mbuzi aliyenyeshewa na mvua, tanashati. Shangazi akaliita hivyo hata goti lake, siku lisipouma.

Siku hizi nawatazama wajukuu. Wamejipaka manukato, viatu vinang'aa, kuku akipita karibu wanaruka kama wameona nyoka. Ukimwomba mmoja ndoo ya maji, anakwambia, "Bibi, nitachafuka." Ndiyo, baba, utachafuka! Watanashati wamejaa tele, na maji tunachota sisi mabibi.