Shangazi wa Kaunta na Majitu ya Kaskazini

Saa tisa alasiri jua limeinama mlangoni, na Shangazi anafuta glasi ambayo imekauka zamani. Anaiinua kwenye mwanga, anaipuliza, anaifuta tena. Kisha anaitua juu ya kaunta kwa kishindo cha mtu mwenye neno.

"Andika hivi," anamwambia mwandishi aliyeketi mbele ya kaunta. "Miaka kumi na minane nimeshika kaunta hii. Hajatokea mtu aliyepokea kwenye mkono huu kinywaji ambacho hakuagiza. Sichanganyi chupa, sichanganyi wateja, sichanganyi maneno. Kaunta ni kaunta, mchezo ni mchezo."

Akishamaliza, anaanza kutafuta kitambaa chake cha kufutia. Anatazama chini, anatazama nyuma ya kreti, anamshuku paka. Kitambaa kiko begani mwake.

Shangazi ni jina la kazi. Wanaomwita hivyo ni wengi kuliko watoto wa kaka zake wote ukiwapanga mstari. Baa yenyewe ni ndogo: meza sita, feni moja inayozunguka ikijisikia, na nyuma ya kaunta mlango wenye pazia. Ukivuka pazia unakuta stoo, kreti tupu zilizogeuzwa viti, na meza yenye mguu uliofungwa kamba. Humo, kila Jumamosi saa kumi, kuna ufalme.

Ufalme huo haumo kwenye atlasi yoyote. Ramani yake imechorwa nyuma ya kalenda ya mwaka jana. Vijana wanne huketi kuizunguka, watatu kila mmoja na mtu wake wa kubuni: huyu askari wa upanga, yule mwizi wa funguo. Unasema mtu wako anafanya nini, unarusha dadu yenye pande nyingi kuliko inavyohitajika, kisha wa nne wao, anayeitwa Msimulizi, anakuambia kama umefaulu au umeliwa na joka. Siku za kazi Msimulizi ni fundi simu, na wateja wake wanasema hata huko hupenda kuwapa habari mbaya polepole.

"Mara ya kwanza nilidhani wanasali," anasema Shangazi. "Mara ya pili nikadhani wameugua. Mara ya tatu nilikuwa nimekaa nao."

Kilichomkalisha ni brandi.

Katika ufalme ule mito yote imelaaniwa. Ukinywa maji yake unasahau jina lako. Ndiyo maana wasafiri hunywa brandi, inayotengenezwa kwa zabibu za kilima kimoja tu. Ndiyo dawa ya vidonda, ndiyo zawadi ya wafalme, ndiyo ushuru wa kupita lango. Hata askari hulipwa kwa brandi badala ya dhahabu, jambo ambalo kwa maoni ya Shangazi linaeleza vizuri kwa nini ufalme ule haujawahi kushinda vita.

Siku hiyo alikuwa akipita na kreti mikononi, akamsikia Msimulizi akisimulia jinsi mwenye nyumba ya wageni alivyowajazia wasafiri brandi hadi ukingoni mwa kopo. Kreti ikatua. Shangazi akauliza ni nani anayemimina brandi kama anamwagilia maua. Akaenda kuleta glasi ya tumbo pana, akawaonyesha: kidogo tu, chini kabisa, na kiganja kinaikumbatia glasi ili kinywaji kipate joto. Vijana wakatazamana. Kabla hajaokota kreti yake alikuwa ameshakabidhiwa nyumba ya wageni ya ufalme mzima.

Tatizo likawa brandi yenyewe. Vijana hawanywi, wengine kwa dini, wengine kwa mfuko. Shangazi akachemsha chai ya rangi, akaitia sukari aliyoiunguza, akaimimina kwenye chupa tupu ya brandi. Rangi ileile, lebo ileile. Ili kuitambua aliifunga uzi mwekundu shingoni. Chupa hiyo na ile ya kweli husimama bega kwa bega chini ya kaunta, pacha wa kufanana.

Anaulizwa kwa nini asizitenge.

"Za nini kutengwa?" anashangaa. "Si nimeshakwambia sichanganyi?"

Ni yeye pia aliyeleta sheria ambayo leo ndiyo kubwa kuliko zote katika ufalme: msafiri akinywa brandi kwenye nyumba ya wageni, mwenye nyumba ana haki ya kumuuliza swali moja, na lazima ajibiwe ukweli. Anasema hakuibuni, aliiona kwa macho. "Mtu akinywa glasi ya kwanza husema ukweli mmoja. Akinywa ya pili, usimsikilize."

Mchezaji wa sita ni mwenye baa. Wote humwita Tajiri, ingawa viatu vyake vina maoni tofauti. Alikuja awafukuze vijana, maana walikuwa wakinunua soda moja na kuomba mirija minne. Akasimama kwenye pazia, kifua mbele, tayari kufoka. Msimulizi akamuuliza bila kuinua macho, "Mgeni uliye mlangoni, wewe ni nani?"

Watu humwomba Tajiri pesa, muda na msamaha. Kumuuliza yeye ni nani, hapana. Akashusha kifua, akajibu kwamba yeye ni mchawi. Mwaka umepita hajakosa Jumamosi hata moja. Ana kofia ya karatasi yenye ncha, na mpini wa deki ndio fimbo yake. Nyumbani wanajua yuko baa anahesabu mzigo.

Mambo yangeendelea hivyo, kama si wale watu wawili wa futi.

Waliingia siku moja mchana, hawakuagiza kitu. Wakapima kaunta. Wakapima kutoka mlangoni hadi dirishani. Mwishoni mwa kaunta alikuwa amekaa fundi bomba, mteja wa Jumamosi zote, ambaye hunywa brandi moja baada ya kazi na kwenda zake. Wakamwomba ainue miguu, wakapima na hapo. Kisha wakakunja futi yao na kuaga kwa heshima, heshima ambayo ilimtisha Shangazi kuliko matusi.

Tangu hapo mtaa umejaa maneno. Wengine wanasema hapa patakuwa duka la dawa, wengine la simu. Lisemwalo lipo, na kama halipo, laja. Kwa Shangazi jambo hilo si la porojo. Mshahara wa kaunta hii ndio unaolipa kodi ya chumba, ada ya kitinda mimba wake anayejifunza ushonaji, na dawa za presha za mama yake. Ukishalipa hivyo haubakizi hata nauli ya kwenda kulalamika. Na kwa umri wake, anasema, kaunta mpya hazitafuti watu, zinatafuta wasichana.

Alimuuliza Tajiri mara mbili kama anaiuza baa. Mara ya kwanza Tajiri alitazama dari, akasema tutaona. Mara ya pili alimuuliza kama feni imeshatiwa mafuta. Ndipo Shangazi akakumbuka kwamba yupo mtu mmoja ambaye hana ruhusa ya kumkwepa: mchawi.

Jumamosi iliyopita akajipanga. Nyuma ya pazia mchawi alikuwa amefika nyumba ya wageni, amechoka, amefukuzwa na mbwamwitu. Mbele, fundi bomba aliagiza brandi yake ya kila wiki. Shangazi aliinama chini ya kaunta, moyo ukimdunda kama wa mwizi wa mara ya kwanza, akamimina glasi mbili. Moja akampa fundi bomba. Nyingine akapita nayo kwenye pazia.

Mchawi aliipiga kwa mkupuo, kama kawaida yake. Kisha akakohoa. Alikohoa mpaka kofia ikaanguka, machozi yakamlenga. Vijana wakapiga makofi. Hawakuwahi kumwona akiigiza vizuri namna ile.

Shangazi akangoja anyamaze, akauliza, "Ewe mchawi, nyumba hii ya wageni ina kesho?"

Tajiri alitazama glasi. Akamtazama Shangazi.

"Nimeiuza kwa majitu ya kaskazini," akasema kwa sauti ya chini. "Watakuja mvua zikikatika. Sikujua nikwambieje."

Stoo ikalipuka kwa furaha. Askari wa upanga akataka daraja lichomwe usiku uleule, mwizi wa funguo akapendekeza majitu yauziwe ufunguo bandia. Msimulizi alikuwa akirusha dadu kwa mikono miwili. Katikati ya vita hiyo mwenye nyumba ya wageni alirudi kaunta kimya kimya, akaanza kufuta glasi kavu. Hajaacha hadi leo.

Nani alijibu? Mchawi au Tajiri? Shangazi amelala na swali hilo na kuamka nalo. Alimwendea Msimulizi kwenye meza yake ya simu, akamuuliza kama kule kaskazini mwa ramani kuna majitu. Msimulizi akamwambia zamani hayakuwepo, ila sasa yapo, amekwisha kuyachora. Akamwonyesha. Yalikuwa matatu, moja limevaa tai.

"Tai ile ndiyo iliyonimaliza," anasema Shangazi. "Jana kaingia mtu mrefu, kainama mlangoni kukwepa kizingiti. Anaulizia choo, mimi nimeshika funguo, nataka nimkabidhi baa."

Hata hivyo amepata pa kushikilia. Anakieleza kidole kimoja kimoja, taratibu, kama anayemfundisha mtoto kuvuka barabara. Mchawi hunywa chai. Aliyekunywa chai yumo mchezoni, na jibu lake ni la mchezo. Ingekuwa brandi ya kweli, hapo yeye angeanza kufunga virago. Lakini ilikuwa chai.

Ana uhakika gani?

"Kwa sababu sichanganyi. Turudie mara ngapi?"

Na kule kukohoa?

"Kipaji," anajibu, akiitazama glasi badala ya macho ya mtu. "Tajiri ana kipaji kikubwa sana."

Nje, mvua iliyonyesha wiki nzima imekatika tangu juzi. Shangazi hataki izungumziwe. Anapenda zaidi kuzungumzia mipango. Akijaliwa, atafungua kaunta yake mwenyewe, kijidirisha tu mbele ya chumba alichopanga, na viti viwili nje. Kitinda mimba atamshonea pazia.

"Na nitaweka chupa moja," anasema. "Moja tu."

Anapoulizwa kwa nini moja, feni inakuwa na kelele ghafla na hasikii.

Saa kumi inakaribia. Vijana wanapita mmoja mmoja na dadu zao mfukoni, shikamoo Shangazi, marahaba. Tajiri anaingia na mpini wa deki, kofia ya karatasi kwapani, anasimama karibu na pazia akijifanya anakagua kreti. Nyuma yake anaingia fundi bomba, mkoba wa spana begani, magoti yamelowa. Anapanda kwenye stuli yake.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Hii ina urefu wa stuli moja.

"Shangazi," anasema fundi bomba, "leo nipe ileile ya Jumamosi iliyopita. Ile tamutamu. Unajua sikuamka kichwa kikiniuma? Na mke wangu alininusa mlangoni, akasema, we baba, unanuka chai. Namwapia kwamba nimekunywa brandi, ananicheka mpaka anakaa chini."

Glasi inasimama mkononi mwa Shangazi. Kitambaa nacho kinasimama.

Tajiri anaacha kreti. "Ilikuwa na ladha ya sukari iliyoungua?" anauliza.

"Hiyohiyo, bosi. Kwani na wewe unaijua?"

Tajiri ameinywa mwaka mzima. Anaiweka kofia ya karatasi juu ya meza, anaegemeza fimbo yake ukutani, inabaki kuwa mpini wa deki. Kisha anavuta stuli na kuketi upande wa wateja, mahali ambapo hakuna aliyewahi kumwona ameketi.

Nyuma ya pazia Msimulizi anaita kwamba ufalme unangoja. Hakuna anayekwenda.

"Niulize tena, dada yangu," anasema Tajiri. "Hapahapa. Mimina kwanza."

Shangazi anainama chini ya kaunta. Anapoinuka ana chupa katika kila mkono, na kwa mara ya kwanza tangu azipange pacha, anaziweka zote mbili juu, mbele ya watu, uzi mwekundu ukining'inia.

"Kwa ipi?" anauliza.