Mwari Mwenye Ndevu

Watu wa Tandika walimwita Albano mwari mwenye ndevu, na wakicheka walijishika mbavu. Mwanaume mzima, eti kutwa yumo ndani kama binti anayesubiri kutolewa! Cherehani waliisikia ikilia, wakakata shauri kwamba anayeshona ni mkewe na yeye analishwa tu. Kuuliza, hakuna aliyejisumbua.

Aliyeshona ni Albano. Eufrazia, mkewe, alikuwa amepooza miguu kabla hawajahamia pale, ndiyo maana chama cha mafundi kule Ilala kilimruhusu mume, kwa mdomo tu, ashonee nyumbani kola za mashati ya shule. Na raha yake aliiona, tusimnyime haki. Uji wa mgonjwa haukupoa, mchana walikula sahani moja wakitaniana kwa Kimwera chao. Wangapi mjini hapa wanawaona wake zao mchana?

Lakini barazani hakuonekana, mkutano wa tawi hakwenda, kwenye bao hakuna aliyemjua. Balozi wa nyumba kumi, mzee Mwinshehe, aliwafahamu watu wake kwa salamu za asubuhi wakiwahi basi. Albano hakuwa na basi la kuwahi.

Ukaja mwaka wa Nguvu Kazi. Mgambo walipita nyumba hadi nyumba wakisaka wasio na kazi, wapelekwe mashambani. Albano walimkuta uani akichota maji.

"Huyu anafanya kazi wapi?" wakamuuliza balozi waliyeongozana naye.

Mzee Mwinshehe alikuwa mtu mwema, na wema wake haukusaidia kitu. "Mie namwona yupo tu, wanangu. Mkewe ndiye anayeshona."

"Shikamoo mzee," Albano akasema. "Ni mie ninayeshona. Kola, humo ndani."

Akapiga hatua kuelekea mlangoni awaonyeshe, kisha akasimama. Siku hizo watu walipanga foleni kwa ajili ya khanga moja. Atakayekutwa na rundo la vitambaa chini ya kitanda, hata viwe vya chama, bila karatasi ataitwa mlanguzi, na mlanguzi anakwenda jela. Afungue asifungue, ameumia.

"Mke wangu mgonjwa," akasema hatimaye.

"Mgonjwa, na ndiye anayekushonea ukala?" Mgambo wakacheka, wakampandisha kwenye lori.

Inauma, wallahi. Majirani walijaa uani, na hata mmoja hakuwa na neno la kumtetea, kwa sababu hawakumjua.

Lori lilipoondoka, Mwajabu wa nyumba ya pili alijikaza akausukuma ule mlango. Mwanamke mwembamba alimtazama kutoka kitandani, macho yamemtoka kwa hofu.

"Nani wewe?"

"Mwajabu, dada. Jirani yako, mwaka wa tatu huu."

"Mie sina jirani," Eufrazia akasema, akivuta shuka hadi kidevuni. "Toka. Niitie mume wangu."