Zimwi Nililolipa Shingo ya Shangazi

Nilijifunza kuchonga mpingo Nachingwea, kwa fundi mmoja aliyechonga twiga na vifaru wa kuuzia wageni. Mimi twiga hawakunivutia. Nilitaka kuchonga viumbe vya hadithi alizonisimulia shangazi yangu wa Nambilanje nilipokuwa mdogo, hasa zimwi jike la mtoni lililomeza watoto waliochelewa kuteka maji.

Nililianza kwa shingo nyembamba, lakini halikutisha. Nikakaa nalo siku nyingi. Kisha nikaikumbuka shingo ya shangazi mwenyewe, ambaye ana tezi kubwa tangu ujana, na mkono ukaenda wenyewe: uvimbe ulioelemea kushoto, mikunjo ya ngozi, kidevu kilichoinuliwa kidogo ili pumzi ipite. Nilijua ninachokifanya. Nilijiambia Nambilanje ni mbali.

Nilipomaliza nikalipaka kiwi nyeusi ya viatu, nikalipeleka gulioni Ruangwa, nikalisimamisha juu ya gunia. Watu wakajaa. Mwanamke mmoja akamwambia mwenzake, "Si bibi yule wa Nambilanje huyu?" Wakacheka, na wengine wakacheka. Nami nilitabasamu. Nilifurahi kwamba kazi yangu imetambulika.

Sikujua kuwa shangazi naye alikuwa amekuja kuuza mbaazi. Watu walimpisha. Akasimama mbele ya lile zimwi, ndoo yake kichwani.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu." Akaigusa shingo ya mti kwa vidole viwili. "Huyu ni mimi?"

"Hapana, shangazi. Ni zimwi tu, lile la hadithi."

"Zimwi nililokusimulia lilikuwa na shingo kama ya korongo," alisema, kisha akaenda zake kuuza mbaazi zake.

Sikumfuata. Nililifunga zimwi kwenye gunia, nikajibanza nyuma ya kibanda cha muuza vyombo mpaka nilipohakikisha ameondoka sokoni.

Nyumbani nililitoa lile tezi kwa patasi. Mti ukabaki na kovu, nami sikujisikia nafuu yoyote. Wiki ya tatu nikaenda Nambilanje. Nilimkuta akipepeta ufuta uani.

"Ni wewe, shangazi," nilisema. "Nilikudanganya mbele ya watu."

"Nilijua." Aliendelea kupepeta. Baadaye akasema, "Watoto wote walikuwa wakinikimbia. Wewe peke yako ulikuwa unakaa. Ndiyo maana nilikusimulia."

Alinipikia ugali na kisamvu, akaniuliza habari za nyumbani, akanisindikiza hadi barabarani, kama kawaida.

Bado mimi huenda kumsalimia, naye bado hunipokea vizuri. Majirani wakiingia, hukaa nao shingo wazi, akicheka. Nikiingia mimi, huvuta kitenge taratibu mpaka kidevuni, kisha ndipo huitikia shikamoo yangu.