Rupia Mbili za Bibi

Nasema hadi leo: mama hakukosea. Kwetu, kitu kinachokwenda mikononi mwa mtu mwingine husuguliwa kwanza, kiwe sufuria, kiwe jembe. Kumpa mtu kitu chenye weusi ni kumtukana. Basi asubuhi ile ya kwenda kuziuza alichukua moja ya rupia mbili alizotuachia bibi, fedha ya wakati wa Mjerumani aliyoipata ng'ambo ya Ruzizi, akaisugua kwa majivu na limau mpaka ikametameta. Ya pili niliwahi kuificha. Miaka ndani ya kitambaa ilikuwa imeitia rangi, bluu pembezoni na wekundu kidogo katikati, na mimi niliipenda hivyo.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nawafulia watu nguo, na nilitaka cherehani kuliko nilivyotaka mume. Mzungu mmoja wa mtaa wa Nyalukemba alikuwa akikusanya sarafu za zamani. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza, na sisi ndio tuliozitembeza hadi barazani kwake.

Aliitazama ile ya mama akacheka. Akasema imekufa: rangi ya miaka haioshwi, ukiiondoa hairudi, na wakusanyaji hawaitaki tena. Mama akainamisha kichwa. Nilipandwa na hasira mpaka masikio yakawaka. Nikatoa ya pili. Akaigeuza mara tatu bila kucheka, kisha akasema hii nayo ni chafu, akataja bei ya kilo moja ya sukari.

Nikamwambia, "Bwana, ile umesema imekufa juu tuliisugua. Hii hatukuigusa. Sasa hii imekufa na nini?"

Mama alinifinya mkono. Enzi zile hatukuwajibu Wazungu hivyo. Yule bwana akasema sijui lolote. Huenda, lakini niliona vidole vyake havitaki kuiachia. Nikaidai, akairudisha, nikamshika mama tukaondoka.

Tulipofika langoni akatuita. Nikamtajia bei ya cherehani. Akakubali upesi mno, nikajuta. Kwa hiyo nikaongeza: achukue zote mbili, na ya mama kwa bei ileile. Akauliza kwa nini anunue kitu kilichoharibika.

"Mama aliisafisha juu ya kukuheshimu wewe," nikasema. "Heshima yake utailipa."

Alipotoa noti, alininyooshea mimi. Nikaficha mikono yangu mgongoni, nikamwelekeza kwa mama kwa kidevu.