Hadithi za Mapenzi zenye Bismillahi

Kaka yangu ni mtu wa ofisi, na mtu wa ofisi wa Bujumbura husoma kwa Kifaransa, husali kwa Kirundi, na Kiswahili hukiweka akiba kwa siku ya kugombana na fundi wa gari. Aliponikuta sebuleni napaka gundi mgongo wa kijitabu kilichochakaa, alikishika kwa vidole viwili.

“Hii nayo ni nini?”

“Hadithi. Naanza kukusanya vitabu za huyu muandishi.”

“Kumbe Kiswahili nayo iko na littérature?”

Nikamwambia iko, tena iko na adabu kumshinda yeye. Mama yetu alivuka kutoka Uvira, upande wa Kongo, na Kiswahili hicho, akatulea nacho, akatusomesha kwa kuuza vitenge nacho. Mkataa kwao ni mtumwa. Hapa kwetu ukitaka kumwita mtu tapeli unamwita Mswahili, yakaisha. Mimi nafundisha Kifaransa katika shule moja ya Gihosha, na tusi hilo nimelisikia chumba cha walimu hadi nikachoka kutabasamu.

Kitabu chenyewe nilikikuta Buyenzi, mtaa wa Waislamu na mafundi wa magari, kwenye kiti cha gari lililokuwa likivunjwa kwa ajili ya vipuri, nikisubiri breki zangu zifungwe. Nilikifungua kupoteza muda. Humo ndani watu walizungumza kama mama yangu: mi, we, apana. Sikuwa nimewahi kuliona neno “apana” limechapwa kwenye karatasi. Nililia pale garajini, na sioni haya kusema. Fundi akadhani nimeogopa bei, akaniambia nibebe tu kitabu.

Mwandishi alikuwa fundi cherehani wa mtaa huo, na sasa ni marehemu. Alizipiga hadithi zake kwa taipureta, akatoa nakala chache kwa mashine ya stensili, akazibana kwa pini na kuziuza mkono kwa mkono. Aliandika vitabu vitano, vyote vya mapenzi. Wengine walimwita Fundi, wengine Mzee wa Stensili. Jina lake kamili nililiuliza nyumba kwa nyumba na kila nyumba ikanipa lake, maana majalada ndiyo yalitangulia kung’oka na vitabu nilivyopata vyote havikuwa nayo.

Kilichoviokoa vitabu hivyo ni Bismillahi. Fundi aliiandika juu ya kila sura, kama mtu wa Buyenzi anavyoitamka kabla ya kula au kufungua injini. Sasa, Buyenzi karatasi yenye jina la Mungu haifungiwi sambusa wala haikanyagwi. Vitabu vya shule viliishia kwa wauza karanga, huku visa vya wanawake wanaotoroka na madereva vikikaa juu ya makabati, jirani na misahafu, vikiheshimiwa na watu wasiojua kilichomo. Nilicheka sana nilipogundua.

Nilicheka mapema. Karatasi kama hizo zikichakaa hupelekwa msikitini, zikakusanywa kwenye mfuko, na kabla ya Ramadhani huchomwa kwa heshima na majivu yake huzikwa mahali safi. Nilikuwa nimekwisha pata vinne, nikikisaka cha tano, ambacho ndicho alichoandika kwanza. Nilipofika kwa mjane niliyeambiwa anacho, alijishika kichwa.

“Aa mama, nilikipeleka ku muskiti jana! Kilikuwa kimepasuka. Wanachoma leo, nyuma ya adhuhuri.”

Nilikimbia. Mwanamke wa umri wangu, na viatu vyangu vya kazini, katikati ya mafundi waliotoa vichwa chini ya magari kunitazama. Wacha watazame, nilijisemea.

Nyuma ya msikiti mzee mmoja, ndiye msimamizi, alikuwa akiweka kuni. Mfuko ulikuwa kando yake juu ya mkeka.

“Mama, we si muislamu.”

“Apana, baba. Mi mukristo.”

“Sasa unatafuta nini mu karatasi za dini?”

“Kitabu ya mapenzi.”

Wanaume waliokuwa wakivaa viatu mlangoni waliangua kicheko. Mzee hakucheka. Alisema katika mfuko ule hakuna upuuzi wa namna hiyo, nami nikasema upo, na kama haupo nitaomba msamaha mbele ya wote. Akanawa mikono tena, akaanza kutoa karatasi moja moja, kwa uso wa mtu anayengoja kwa hamu kuombwa msamaha.

Kikatoka. Kilikuwa na jalada.

Mzee akasoma mstari wa kwanza, ile Bismillahi, akaitikia kwa kichwa kwa kuridhika. Nikamwomba aendelee. Akasoma ukurasa mzima, akageuza, akasoma na wa pili, akasahau kuni. Kisha akajikohoza.

“Huyu mwanamuke wa mu kitabu hana haya,” alisema. “Lakini jina ya Mungu iko humu. Siwezi kukupa ukaitupe chini ya kitanda. Tukate fasi zenye jina, kila pale imeandikwa, zichomwe. Ingine yote ubebe.”

Akaagiza mkasi. Nikalitazama jalada. Fundi alikuwa amelichora kwa mkono wake: Bismillahi kwa herufi nene, na chini yake, mikia ya herufi zile ikipita ndani ya herufi zake, jina lake mwenyewe, kamili. Mkasi usingeweza kuchukua moja ukaacha jingine. Sura zikatwe matundu, sawa, ningezisoma na matundu yake. Lakini hapo pa jalada nilishika upande wangu wa kitabu na yeye akashika wake.

“Baba, jina ya Mungu iko fasi yote,” nilimwambia. “Jina ya huyu mutu iko hapa tu.”

Mzee alilisoma lile jina kimya, kisha akalisoma kwa sauti, na mmoja wa wale wanaume akasema, “Eh, si ndiye alinishonea suruali ya harusi?”

Mkasi ulipoletwa, mzee aliurudisha, akaachia upande wake wa kitabu.

Nilitoka Buyenzi kwa miguu, nikakata katikati ya mji saa ya watu kutoka ofisini, nimekishika kitabu mbele ya kifua, jalada likiangalia nje, ili kila mwenye macho alisome hilo jina.